Mama mdogo anataka kompyuta "ya Kiswahili": kisa cha kuchagua Linux kwa duka la steshenari

Simu iliingia jioni, wiki moja hivi baada ya tarehe 14 Oktoba 2025.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta imeniandikia barua. Kwa Kizungu. Njoo uisome."

Duka la mama mdogo liko Morogoro. Lina kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya fotokopi, ya kulaminisha, na benchi la mbao ambalo msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu hujaa tangu saa mbili asubuhi. Humo watu wanachapiwa barua na CV, wanaprintiwa vyeti walivyotumiwa WhatsApp, wanajaziwa maombi ya Ajira Portal, ya HESLB (bodi ya mikopo), fomu za NIDA, uhakiki wa vyeti RITA. Wanapigwa picha za pasipoti pia. Ukiingia Ijumaa utakuta na mtu anasubiri kadi za mchango wa harusi.

Barua yenyewe nilijua inasema nini kabla sijafika: Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama. Njia ya kupanda Windows 11 haipo kwa mashine zile. Ni Dell OptiPlex 7010, mitumba mizuri ya ofisini, prosesa Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Tuko vizazi vitano nyuma. Nikamweleza kwamba kuna Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure, na mashine zake zitaishi miaka mingine kadhaa.

"Basi niwekee ile ya Kiswahili," akasema. "Kuna mwalimu mmoja alinisimulia. Inaitwa Jambo."

Jambo ilikuwa nini

Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu, kwa sababu mwalimu yule hakukosea sana. Miaka ya 2004 kulikuwa na mradi unaoitwa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi, IT+46. Jina linakufanya udhani walitengeneza Linux ya Kiswahili, lakini kazi yao iliyojulikana ni Jambo OpenOffice, iliyotoka Desemba 2004: programu ya ofisi ya kuandikia na kupigia hesabu, menyu zake zote zikiwa za Kiswahili. Ilikaa juu ya Linux, ilikaa pia juu ya Windows. Baadaye Microsoft nao wakatoa menyu za Kiswahili za Windows.

Kwa anayechagua Linux leo, tofauti hiyo ina uzito. Distro ni kifurushi kizima: kiini cha Linux, madirisha, programu za kuanzia, na ghala la programu unakochota nyingine. Kuijenga ni kazi, kuilisha masasisho kila wiki kwa miaka kumi ni kazi kubwa zaidi. Watu wa Kilinux walitafsiri programu iliyokuwa na wenyewe na ambayo ingeendelea kuwa na wenyewe. OpenOffice ikazaa LibreOffice mwaka 2010, na LibreOffice hadi leo ina kifurushi cha lugha chenye alama sw-TZ. Laiti wangejenga distro yao, nadhani leo tungekuwa na CD moja kabatini na kumbukumbu ya uzinduzi.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Hispania, jimbo la Extremadura lilizindua distro yake ya LinEx mwaka 2002, ikasambazwa shuleni kwa lengo la kompyuta moja kwa kila wanafunzi wawili. Walikwenda mbali kiasi cha kuzipa programu majina ya watu wa kwao. Programu ya picha ya GIMP waliiita Zurbarán, mchoraji mzaliwa wa huko. Miaka kumi baadaye LinEx ilishatoka mikononi mwa jimbo, na serikali ya jimbo ilipotangaza mwaka 2012 kuhamisha kompyuta 40,000 za ofisi zake, ilizipeleka kwenye Debian, distro kongwe ya kimataifa, ambayo ndiyo LinEx ilijengwa juu yake tangu mwanzo. Waturuki na Pardus yao walianza kwa kujitengenezea hata mfumo wao wa kusakinisha programu, kisha nao wakahamia juu ya Debian. Pardus ingali hai, ila nyuma yake kuna TÜBİTAK, taasisi ya utafiti ya nchi. Sisi nyuma yetu kulikuwa na mimi na flashi ya GB 16.

Kuna sababu nyingine inayofanya Waswahili tusiwe na distro yetu, nayo si uvivu. Distro za kikanda zilishika mizizi pale ambapo kompyuta ya kawaida ilishindwa hata kuandika lugha ya watu. Mthai haachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo programu isiyomjua haijui mstari ukatwe wapi. Ndiyo maana NECTEC, kituo cha taifa cha teknolojia cha Thailand, ikatengeneza Linux TLE. Mhindi ana hati zaidi ya kumi, serikali yake ikaja na BOSS. Mchina anahitaji programu ya kugeuza matamshi yaliyochapwa kwa herufi za Kilatini kuwa herufi za Kichina, ndipo unakutana na Deepin na Ubuntu Kylin. Kiswahili kinaandikika kwenye kibodi yoyote iliyowahi kushushwa Kariakoo. Alama pekee ya ziada ni ile ya ng', nayo ipo pembeni ya kitufe cha Enta. Hatukuwa na maumivu ya kutulazimisha.

Niliwauliza wanataka nini

Hapa ndipo ningepotea kama ningekimbilia kupakua. Nilikaa dukani nusu siku nikiuliza, na neno "ya Kiswahili" likawa na maana tatu tofauti.

Mama mdogo hachapi. Yeye anataka kusoma kile kompyuta inachomwambia anapokuwa peke yake, hasa yale maboksi yanayochomoza katikati ya skrini. Anaogopa kubonyeza asichokijua, na ana haki.

Binti wa zamu ya asubuhi ndiye mchapaji. Yeye shida yake ilikuwa mistari myekundu. Akichapa barua ya Kiswahili, ukurasa mzima unakuwa mwekundu kwa sababu programu inadhani anaandika Kiingereza kibovu. Matokeo yake ameshazoea kutoiangalia kabisa, na makosa halisi yanapita naye. Alinionyesha barua ya kuomba uhamisho iliyorudishwa na mteja kwa sababu "mkurugenzi" ilikuwa "mkurungezi". Mstari ulikuwepo chini ya neno hilo, lakini ulikuwepo pia chini ya "ndugu", "yah", na "mtajwa".

Kijana wa jioni hakutaka Kiswahili hata kidogo. Alijifunzia kompyuta kwenye kozi ya miezi mitatu, menyu za Kiingereza, na kusema kweli hasomi menyu, anakumbuka mahali. "Kaka, ukinibadilishia maneno nitakuwa mgeni," aliniambia.

Kwa hiyo mahitaji yalikuwa: ukaguzi wa tahajia wa Kiswahili, menyu ambazo wafanyakazi wanazijua, ujumbe ambao mwenye duka anauelewa, na juu ya yote printa zifanye kazi na faili za wateja zifunguke bila kuvurugika. Hakuna hata kimoja hapo kinachotolewa na distro kwa sababu ya uraia wake.

Nikachagua distro ya Linux Mint 22, toleo lenye madirisha mepesi ya Xfce. Inakaa juu ya distro nyingine, Ubuntu 24.04, inaendelea kupata masasisho hadi 2029, na Xfce haina ulafi wa RAM. Ubuntu yenyewe niliiacha kwa sababu madirisha yake ya kawaida ni mazito kwa GB 4 na sura yake ingemchanganya kijana wa jioni. Mint ina kitufe cha menyu kushoto chini, kama alivyozoea. Debian ingefaa vilevile, ila Mint inakuja na Timeshift tayari, ile inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika urudi jana. Mimi nakaa Dodoma. Nataka kitu ambacho naweza kumwelekeza mtu kwa simu akirudishe.

Karatasi

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kizembe. Wakati wa kusakinisha, lugha niliyobonyeza kwa mazoea ilikuwa Kiingereza cha Marekani. Kila kitu kikaenda vizuri hadi mteja wa kwanza, kaka mmoja na CV yake. Printa ikawasha taa ya njano, ikasimama. Tukatoa karatasi, tukarudisha, tukazima, tukawasha. Benchi likaanza kunong'ona.

Printa ilikuwa inasubiri karatasi ya Letter. Kwa Mmarekani karatasi ya kawaida ni milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, 210 kwa 297. Ukiiambia Linux uko Marekani, inaamini, na kila hati mpya inazaliwa na karatasi ya Kimarekani. Hicho ndicho kitu ambacho watu hawakifikirii wanaposema ujanibishaji: wanafikiria menyu, kumbe kuna karatasi, sarafu, tarehe, na siku za wiki. Vyote hivyo viko kwenye faili dogo la mahali, na faili la Kiswahili cha Tanzania lipo kwenye takriban kila distro duniani, sw_TZ, pamoja na la Kenya, sw_KE. Hakuna cha kutafuta.

Mint ina masanduku matatu kwenye mipangilio ya lugha: lugha ya menyu, eneo, na muundo wa saa. Nikaweka la kwanza Kiingereza cha Uingereza, mawili yaliyobaki Kiswahili cha Tanzania. Nikatoka, nikaingia tena. Karatasi ikawa A4, na kwenye pembe ya skrini siku ikaandikwa Alhamisi. Mama mdogo aliiona Alhamisi hiyo kutoka mlangoni. "Enhee! Hiyo sasa."

Saa haikubadilika. Ilisema 14:10 na yeye akasema saa nane na dakika kumi, kama anavyofanya na simu yake kila siku.

Mistari myekundu

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili iko kwenye ghala la Debian, Ubuntu na Mint kwa jina la hunspell-sw. Amri moja tu:

sudo apt install hunspell-sw

Kisha kwenye LibreOffice, mipangilio ya lugha, lugha ya hati inakuwa Kiswahili cha Tanzania. Binti akafungua barua ya zamani. Wekundu ukapungua kama mvua inavyokata. "Ndugu" safi, "mtajwa" safi. Yakabaki majina ya watu na ya mitaa, na vitenzi.

Vitenzi ndiyo habari ndefu. Kiswahili kinashonea nafsi, wakati, mtendwa na kauli kwenye neno moja, kwa hiyo mzizi mmoja kama andika unazaa maneno ambayo hakuna mtu atakayekaa ayaorodheshe: nimeshamwandikia, hawakutuandikia, tutakapoandikishwa, asiyeniandikia. Kamusi ya tahajia ina orodha ya maneno na kanuni kadhaa za viambishi. Neno likiwa na viungo vingi, linaweza kuchorewa mstari ilhali liko sawa kabisa. Siku ya kwanza binti alikasirika: "Sasa hii nayo haijui Kiswahili?" Nikamwonyesha kubofya kulia na kuliongeza neno. Tukakubaliana: likiwa sahihi, ongeza, ukiwa na shaka, uliza. Nikamkataza kuongeza majina ya wateja, maana jina la mtu mmoja ni kosa la tahajia la mtu mwingine.

Ukiniuliza ni kipi kati ya vyote kilichogeuza kazi pale dukani, ni hiki. Kamusi yenyewe ni faili dogo tu.

Menyu za Kiswahili, nusu na robo

Nilikuwa nimemwahidi mama, kwa hiyo kwenye kompyuta ya kaunta, anayoitumia yeye kutazama mauzo, nilijaribu Kiswahili kamili. Kwanza nikageuza lugha ya menyu ya Mint yenyewe. Ilikuja vipande. Linux haikatai lugha isiyotafsiriwa yote. Mahali pasipo na tafsiri inaonyesha Kiingereza, na kwa Kiswahili mahali hapo ni pengi. Skrini iliyochanganya lugha mbili bila mpango inachosha kuliko skrini ya lugha moja usiyoijua vizuri. Nikairudisha.

LibreOffice ilikuwa na nafuu. Niliiondoa ile iliyokuja na Mint, nikaweka ya watengenezaji wenyewe na kifurushi chao cha sw-TZ, kwa sababu toleo la programu na la lugha lazima yalingane. Menyu zikaja za Kiswahili kwa sehemu kubwa. Mama akasoma "Hariri".

"Hariri si kitambaa?"

Kijana wa jioni akacheka mpaka akakaa chini. Lakini swali ni la haki. Kiswahili cha kompyuta kilitungwa na wataalamu mezani. Kiswahili cha dukani kilitungwa na watu wenye foleni mbele yao. Pale kwa mama mdogo watu wanasevu, wanaprinti, wanaskani, wanakopi. Na kuna mtego mmoja mbaya: istilahi nyingi za tehama zinasema chapa au chapisha kwa kile ambacho duka linaita kuprinti, wakati dukani kuchapa ni kupiga kibodi. Mteja akisema "nichapie hii" anataka uandike. Menyu ikisema hivyo inataka wino. Ukivuka mpaka kwenda Kenya unakuta wengine wanaiita kompyuta yenyewe tarakilishi, na mwanafunzi wa huko akija huku anatazamwa kama anaongea kishairi.

Sizibezi tafsiri hizo. Mama mdogo baada ya wiki mbili alikuwa anaifungua hati, anaihifadhi na kuifunga bila kumwita mtu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa menyu za Kiingereza. Kompyuta ya kaunta imebaki hivyo. Mbili za wafanyakazi zimebaki na Kiingereza, na hakuna anayelalamika.

Ambayo sikuyapanga

Siku ya pili mwanafunzi alileta flashi imejaa njia za mkato, ule ugonjwa wa kila steshenari: folda zako zimefichwa, na mahali pake pamewekwa vitu vyenye majina yaleyale ambavyo ukivibofya vinaambukiza mashine. Kwenye Windows binti huwa anatumia dakika kumi kuvifukua. Kwenye Mint alichomeka, akaona vyote pamoja, folda halisi na zile za uongo zikiwa zimekaa ubavuni. Ufiche wa Windows haufanyi kazi huku, na programu ile ya virusi haina pa kukanyaga. Akafungua folda, akaprinti, akamrudishia mwenyewe. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Fonti zilitusumbua asubuhi moja. CV zinazotoka kwenye Word mara nyingi ni Calibri, na Linux haiji nayo; hati ya ukurasa mmoja inamwagikia ukurasa wa pili. Kuna fonti iitwayo Carlito ambayo upana wa kila herufi unalingana na Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Ukiziweka, mistari inarudi mahali pake. Ziweke kabla ya mteja wa kwanza, usifanye kama mimi.

Printa ya HP ilitambulika yenyewe. Ile ya pili, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilinila alasiri nzima na mwishowe dereva iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux haikukubali. Tumeiacha kwenye kompyuta ya tatu.

Na kompyuta ya tatu bado ni Windows 10. Kadi za mchango zote za miaka sita ziko kwenye Publisher. LibreOffice Draw inazifungua faili za .pub, lakini maua yanahama na majina ya wanakamati yanapanda juu ya picha ya maharusi. Nimeitoa kwenye intaneti kabisa, inapokea kazi kwa flashi tu, na kila wiki isiyo na harusi kijana wa jioni anazijenga upya kadi mbili tatu kwenye Draw. Microsoft wametangaza kuiacha Publisher Oktoba 2026, hivyo kazi hiyo ingemkuta tu. Nilimwomba mama tusiguse kitu chochote msimu wa HESLB ukianza, hata kama zimebaki kadi tano.

Wiki iliyopita nilipita dukani kufanya masasisho. Binti alinipa flashi yenye faili moja, standard.dic, ambamo LibreOffice huweka maneno uliyoongeza. Alikuwa amejifunza mwenyewe liliko na anataka nilinakili kwenye kompyuta nyingine zote. Nililifungua kwa kiandishi cha kawaida nikalipitia mstari kwa mstari kabla ya kulinakili. Vitenzi virefu vingi, Msamvu, Kihonda, Mazimbu, nimeshalipia, ilivyoelekezwa. Katikati nikakuta "mkurungezi". Nikamwita, akasoma, akaziba uso kwa kiganja, tukalifuta.